Vifaa vya Chuma Vilivyotengenezwa kwa Mkono Unavyovikuta Mnadani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi bati, Dodoma mjini. Kwa miaka mingi nimekuwa naokota vifaa vya mafundi wa zamani kwenye minada na kwa wanunuzi wa chuma chakavu: nyundo zilizofuliwa na mtu, koleo za ajabu, vijichuma ambavyo hakuna duka linaloviuza. Watu wananitumia picha kwenye simu, "Fundi, hiki ni nini?", na baada ya hapo maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa. Mpangilio usikusumbue, ni swali la kwanza tu nililoliweka juu kwa makusudi.

Nimenunua kifaa, sikijui kazi yake. Nianzie wapi?

Anza kwa kukiacha kama kilivyo. Usikipeleke kwenye grenda, usikisugue kwa brashi ya waya, usikipake rangi. Kifaa cha kiwandani kimeandikwa jina na saizi. Hiki cha mkono hakina maandishi, kina jinsi kilivyolika tu: pale kilipong'aa, pale kilipopondeka, mikwaruzo inaelekea upande gani. Grenda inayafuta yote hayo kwa sekunde kumi.

Toka nacho nje kwenye jua la asubuhi au la jioni, lile linalokuja kwa ubavu, maana jua la saa sita linaficha mikwaruzo. Tafuta kwanza mahali pa mkono: chuma kilichoshikwa miaka ishirini kinakuwa cheusi, laini, pembe zake zimekufa. Halafu mahali pa kupigwa. Kichwa kikiwa kimechanua kama uyoga, kilikuwa kinapigwa nyundo; kikiwa hakina hata alama, kilikuwa kinasukumwa au kinalala chini ya kazi. Mwisho angalia mdomo, pale kinapogusana na kazi. Mdomo uliolika upande mmoja mara nyingi unakuonyesha fundi alivyokiinamisha, na wakati mwingine unakuonyesha hata kama alikuwa mtu wa kushoto.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilinunua pale Msalato kipande cha chuma cha mviringo, urefu wa shubiri moja, unene wa kidole gumba. Juu kimechanua. Chini kilikuwa na tundu jembamba lililoingia ndani kama sentimita mbili, na pembeni ya tundu kulikuwa na kijishimo kifupi cha duara, laini kama ndani ya kijiko. Nikaona ni panchi iliyoharibika. Nikaukata ule mdomo, nikakinoa kikawa tindo. Wiki iliyofuata mzee mmoja, fundi wa ndoo na madebe, akakikuta mezani, akakigeuza, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, sasa ribiti utazifunga na nini?"

Kumbe lile tundu linavishwa juu ya ribiti iliyochomoza, unapiga, bati mbili zinabanana barabara. Kisha unahamia kwenye kijishimo, unapiga mara mbili tatu huku ukizungusha, na kichwa cha ribiti kinakuwa cha mviringo kisichokwaruza mtu. Kazi mbili kwenye chuma kimoja, na mimi nimezikata. Ile tindo ninayo bado, na wala si tindo nzuri.

Hapa Dodoma vinapatikana wapi?

Jumamosi mnadani Msalato, ila usiishie kwenye nyama choma. Tafuta wale wanaotandaza turubai chini na kumwaga spana, minyororo na makufuli mabovu. Mjini, zunguka Soko la Sabasaba. Wanunuzi wa chuma chakavu nao ni wa kuzoeana nao: waambie wakutengee chochote chenye mpini au kilichopindwa kwa moto, uwape cha soda, watakupigia simu.

Miji ya reli ina bahati yake. Gulwe, Kikombo, Saranda, Manyoni, Itigi: kote huko kuna nyumba ambazo babu alikuwa fundi, na sanduku lake liko uvunguni. Huko usiende kama mnunuzi wa skrepa. Nenda kama mtu, salimia, kaa.

Mbona kanda yetu ina vitu vya kila namna? Hatukuwa na viwanda.

Ndiyo sababu yenyewe. Penye duka la vifaa, mtu ananunua. Pasipo duka, anafua.

Halafu chuma kizuri kimepita hapa mara nyingi. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Reli haiendi bila wahunzi wa kunoa sululu na kufua tindo upya njiani. Baadaye, mwaka 1947, Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa. Walileta matrekta na matingatinga ya mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa iliwashinda: kiangazi inakauka kama tofali, na mchanga wake mkali unakula majembe ya trekta kuliko walivyopiga hesabu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha. Shoka, ekseli, springi, beringi, chuma cha namna hiyo hakikai bure mahali penye mhunzi. Nimewahi kununua Kongwa koleo la kushikia chuma cha moto ambalo mikono yake yote miwili ni springi ya gari iliyopasuliwa katikati kwa urefu. Kazi ya kupasua springi kwa tindo na nyundo, kwa moto wa mkaa, sitaki hata kuifikiria.

Ukienda kaskazini, kuanzia Singida na Hanang hadi Ziwa Eyasi, kuna wahunzi wa Kidatoga ambao hadi leo wanayeyusha makufuli na koki za bomba, ile shaba ya manjano, wanaimimina kwenye mfereji wa chuma na kufua bangili. Misumari wanaifua kuwa vichwa vya mishale, na Wahadzabe wanavichukua kwa kubadilishana, asali ikiwemo. Mivukuto yao ni ngozi ya mbuzi. Kwa hiyo ukikutana na koleo jembamba lenye midomo mirefu iliyokunjwa ili kukumbatia kitu cha mviringo, huenda lilikuwa la kunyanyulia chungu cha kuyeyushia shaba. Usiliite plaizi ya zamani.

Jambo moja zaidi ni hali ya hewa. Dodoma inapata mvua kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Chuma kilichosahaulika kwenye ghala la Mpwapwa miaka hamsini kinatoka na kutu ya juu juu tu. Kingekuwa Tanga au Bagamoyo, upepo wa chumvi ungekibakiza nusu.

Nitajuaje kama kimefuliwa kwa mkono au ni cha kiwandani kilichochakaa?

Pande mbili hazilingani. Hilo ndilo la kwanza. Mkono mmoja wa koleo una unene tofauti na mwingine, tundu la mpini limekaa upogo kidogo. Pitisha kidole utasikia mabonde madogo ya nyundo. Angalia pia mabaki ya maisha ya kwanza ya chuma: meno ya tupa yaliyofifia ubavuni mwa kisu, tundu la bolti ya katikati ya springi, njia ya kuzungukia gololi za beringi. Mimi hayo mabaki ndiyo ninayoyapenda kuliko kitu kingine chochote.

Tahadhari: wanafunzi wa ufundi hupewa zoezi la kupiga tupa nyundo au skwea mpaka inyooke. Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa mkono lakini vimenyooka kama vya kiwandani, na mara nyingi vina namba au herufi za mwanafunzi. Ni vizuri sana kutumia.

Kina herufi au alama. Zina maana gani?

Za reli ndizo nyingi huku. TR ni Tanganyika Railways, reli ya wakati wa Waingereza kabla ya 1948. Mwaka huo iliunganishwa na reli ya Kenya na Uganda, alama ikawa EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, H ikiwa ni ya bandari. Mwaka 1969 bandari zilitengwa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukapata TRC yetu, Shirika la Reli Tanzania. Kwa hiyo nyundo yenye EAR&H ni ya kati ya 1948 na 1969, umepata umri wake bila kuuliza mtu. Chenye TRC kiache mpaka ujue kimetoka wapi, maana shirika lenye jina hilo lipo na linafanya kazi.

Mshale mpana unaoelekea juu, wakati mwingine katikati ya W na D, ni mali ya jeshi na serikali ya Uingereza. D.R.P. ni hataza ya Ujerumani ya wakati wa Kaiser na baada yake.

Halafu kuna maneno CAST STEEL, yanayowapoteza wengi. Watu wanasoma "cast" wanasema hiki ni chuma cha kumimina, kitavunjika kama mguu wa cherehani. Sivyo. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye chungu cha udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield miaka ya 1740, kikamiminwa kuwa mche, ndipo kikafuliwa kuwa kifaa. Tindo au patasi yenye maneno hayo usiiache mnadani.

Spana za zamani zenye sehemu kama 1/2 W nazo zinasumbua, kwa sababu hazikai kwenye nati yenye upana wa nusu inchi. Ni za mfumo wa Whitworth, uliopendekezwa mwaka 1841. Ile 1/2 ni unene wa bolti. Haipimi upana wa nati, kwa hiyo mdomo wa spana ni mpana kuliko unavyotarajia.

Na nukta tatu, msalaba, au herufi moja iliyopigwa kwa panchi? Hiyo ni ya fundi mwenyewe, ili jioni mkigawana vifaa asigombane na mtu.

Nitajuaje ni chuma cha aina gani?

Kwa tupa na kwa cheche. Chukua tupa mpya, sukuma taratibu kwenye pembe. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikila, ni laini au ugumu wake umeondolewa na moto.

Kwa cheche itabidi grenda. Najua nimeshaikataza, hapa ni kugusa tu, nusu sekunde, mahali pasipo na alama, ukiwa kivulini. Nondo ya kawaida inatoa michirizi mirefu iliyonyooka yenye kupasuka kuchache. Springi inatoa michirizi inayopasuka vimaua. Tupa, ambayo ina kaboni zaidi ya asilimia moja, inapasuka vimaua tele karibu kabisa na jiwe. Chuma cha kumimina kinatoa cheche fupi, nyekundu, za uvivu. Fanya jaribio na vyuma unavyovijua kwanza, vipange, kisha linganisha.

Kwa nini ujue? Kwa sababu nondo haigeuki kuwa tindo hata uichovye mara mia. Kaboni yake haitoshi. Springi ina kama asilimia 0.6, inashika makali na bado inastahimili kupigwa. Beringi ina asilimia moja ya kaboni pamoja na kromiamu, inakuwa ngumu sana na inapasuka kwa hasira ukiipiga ovyo. Mhunzi wa zamani hakuwa na namba hizi, lakini angalia alichochagua: koleo ni chuma laini, tindo ni springi, kisu ni tupa. Alijua.

Kina kutu. Nikisafishe na nini?

Kwanza mafuta ya taa na kitambaa, siku nzima. Mara nyingi inatosha, na alama zote zinabaki.

Kikikataa, tafuta molasi, ile wanayolishia ng'ombe. Changanya sehemu moja kwa maji sehemu tisa, zamisha kifaa, funika, subiri wiki moja hadi mbili. Inanuka na inzi wataijua nyumba yako, lakini inakula kutu na kuacha chuma. Usitie kitu chenye alumini. Siki ni ya haraka zaidi, siku moja, ila ukisahau inakula na chuma chenyewe. Ukitoa suuza kwa maji ya magadi, kausha juani hapo hapo, paka mafuta. Ukwaju mimi nauweka kwa ajili ya shaba. Sugua kwa massa yake, suuza, shaba inarudi kama mpya.

Njia ninayoitumia kwa vitu vilivyokufa ganzi kabisa ni umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko vichache, chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi unafunga kwenye kifaa chako, waya wa chanya kwenye kipande cha chuma ovyo, na vitu hivyo viwili visigusane. Vipovu vitaanza. Baada ya masaa machache kutu imelegea, unaitoa kwa brashi ya kufulia. Makosa matatu hapa ni ya hatari kweli. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kama kijiko au sufuria, kwenye upande wa chanya. Maji yatabeba sumu ya kromiamu. Na ufanye nje, mbali na moto, kwa sababu vile vipovu ni haidrojeni. Ukibadilisha waya, hasi ukaweka chanya, hakuna atakayeumia ila kifaa chako kitaliwa, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Baada ya hapo, kukihifadhi: usipake mafuta ya alizeti. Najua ndiyo yaliyo jikoni, na kuanzia hapa hadi Singida ndiyo yetu. Yakikaa kwenye chuma yanaganda kuwa gundi ya njano inayokusanya vumbi. Paka oili nyepesi ya mashine, au nta ya nyuki: kianike kifaa juani saa saba mpaka kikuunguze mkono, sugua nta, futa.

Naweza kukifanyia kazi au ni cha kuangalia?

Kifanyie kazi, kwa masharti. Kichwa kilichochanua kipunguze kwanza. Yale majani ya uyoga ni chuma kilichopondeka mpaka kikawa kikavu, na siku moja jani linaruka. Langu liliruka, nina kovu juu ya nyusi kuonyesha lilikopita. Kabla ya kusaga piga picha pande zote, ili ushahidi ubaki. Miwani ya macho si mapambo.

Usipige nyundo kwa nyundo. Nyuso zote mbili ni ngumu na moja itatema kipande.

Kitu kilichopakwa zinki, kama bati la mabati au bomba la maji la zamani, usikitie kwenye moto wa kufulia. Moshi wake mweupe unaleta homa ya usiku kucha inayofanana na malaria, na ukijipima hutakuta kitu.

Makali hayakai. Naweza kukitia ugumu tena?

Hakikisha kwanza kwamba tatizo siyo kunoa. Nusu ya tindo ninazoletewa zimenolewa kwa pembe ya kisu cha nyanya. Zirudishe kwenye nyuzi sitini hivi, jaribu tena.

Kama kweli ugumu umeondoka, labda kifaa kiliungulia ndani ya nyumba au mtu alikifanya kichokoo cha jiko, basi inawezekana. Kwa springi: pasha mdomo tu, kama vidole vitatu, mpaka uwe mwekundu na sumaku isiushike tena. Sumaku ya spika ya redio mbovu inatosha. Chuma kinaacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Ongeza moto kidogo, kisha chovya kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, vuguvugu ya kuvumilika kwa mkono. Hapa sasa alizeti inaruhusiwa. Weka kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, kamwe siyo plastiki, maana yanaweza kuwaka, na mfuniko ndio unaozima. Springi ukiichovya kwenye maji utasikia "tik", na hiyo ni sauti ya ufa.

Sasa mdomo ni mgumu lakini utavunjika kama kigae. Ung'arishe kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, kisha pasha taratibu nyuma yake, ukiwa kivulini. Utaona rangi inatembea kuelekea kwenye ncha. Kwanza manjano ya nyasi kavu, kama nyuzi 220: hapo simamia kwa kifaa cha kuchorea mistari kwenye bati. Kahawia inafuata kwenye 260. Zambarau, 280, ndiyo ya tindo ya chuma. Bluu, 300, ni ya kitu kinachotakiwa kunesa, kama bisibisi. Rangi unayoitaka ikifika kwenye ncha, chovya. Ikipita, anza upya. Mimi huwa inapita.

Mpini niweke wa mti gani?

Mkole, ukiupata mkavu. Unanesa, hauchomi mkono. Mpingo ni wa vipini vifupi vya tupa na vya kuchorea. Kwa nyundo ni mzito na unarudisha mshindo wote begani. Kama mpini wa zamani unashika bado, uache, hata kama umefungwa waya na mpira wa tairi. Huo waya nao ni wa mwenye kifaa.

Nimepata kinyundo kidogo na kijichuma kilichong'aa kama kioo. Muuzaji anasema ni vya kutengenezea ilimba. Ananidanganya?

Siyo lazima. Ilimba ya Wagogo, ala ya muziki inayopigwa kwa vidole gumba, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, ina ndimi za chuma zinazofuliwa kutoka misumari, spoku au waya mgumu. Kila ulimi unapondwa ukiwa baridi, na kupondwa baridi ndiko kunakoufanya mgumu ukanesa na kulia. Ulimi mrefu unatoa sauti nzito, mfupi sauti nyembamba, na fundi anausogeza mbele nyuma chini ya kile chuma cha kubania mpaka aridhike.

Kazi hiyo inataka nyundo nyepesi na uso uliosuguliwa mpaka ujione. Mkwaruzo wowote kwenye uso wa nyundo unachapika kwenye ulimi, na hapo hapo ndipo ulimi utakapokatika siku moja katikati ya wimbo. Kwa hiyo angalia: kama uso wa nyundo na ule wa kijichuma vyote viwili vinang'aa, na vingine vyote ni vichafu, muuzaji anasema kweli au alikaribia. Kama vimeng'aa mpaka pembeni na kisogoni, amevipitisha kwenye msasa jana usiku kwa ajili yako.

Kitu kama hicho ukikisugua kwa brashi ya waya umekiua. Futa kwa kitambaa, basi.

Nilipe bei gani?

Anayeuza chuma chakavu anafikiria kilo. Wewe unafikiria kazi. Mimi nalipa mara mbili ya bei ya kilo bila kubishana, na kwa kitu cha familia nalipa zaidi na kuuliza jina la aliyekitengeneza. Kupunguza elfu moja kwa mama anayeuza sanduku la marehemu mumewe ni ujanja usionipendeza.

Usionyeshe furaha, lakini. Chukua na spana moja usiyoihitaji, ulizia bei ya vyote kwa pamoja.

Kuna vitu nisivyopaswa kugusa?

Vipo. Vipande vya reli, mataruma ya chuma, bolti za reli, mifuniko ya mashimo, nyaya za shaba. Najua kila fundi bati ana kipande cha reli anachofulia. Kama ni cha kurithi, sawa. Kinachouzwa leo kimekatwa kibichi, mkato wake bado mweupe, kiache na uondoke. Tangu treni za umeme zianze kufika Dodoma mwaka 2024 wizi wa namna hiyo unafuatiliwa kwelikweli, na mnunuzi anakamatwa pamoja na mwizi.

Pia ukiwa unalima au unachimba msingi ukakuta mavi ya chuma kwenye marundo, na vipande vya mirija ya udongo iliyoungua, hapo paliyeyushwa chuma zamani. Usichukue wala usichimbe zaidi. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwa upande wa Kondoa ofisi ya Mambo ya Kale iko Kolo, pale pa michoro ya miambani. Toa taarifa.

Nimefanya yote hayo na bado sijakijua. Nifanyeje?

Usimwulize mtu "hiki ni nini". Ukiuliza hivyo, mzee anaona aibu kukosa jibu, anakutungia. Mpe tu mkononi, endelea na mazungumzo mengine, na uangalie vidole vyake. Mkono uliowahi kufanya kazi unakumbuka kabla ya kichwa.

Nilikuwa na kijichuma kirefu kama kalamu, chembamba upande mmoja na kinanenepa taratibu, kina mpini wa mti. Mwaka mzima nilikiita kifaa cha kutobolea. Nikaenda nacho Chamwino kwa bibi mmoja, mjane wa fundi bati, nikampa huku tunaongelea mvua. Akakigeuza, mpini akauweka tumboni, ile ncha ikaangalia nje, na kwa mkono mwingine akaanza kuviringisha hewani kitu ambacho hakikuwepo. Kibatari. Alikuwa anaviringisha mdomo wa kibatari, ule mrija wa bati unaopitisha utambi. Alikuwa akimsaidia mumewe jioni, mamia na mamia.

Kisha akaniuliza pacha wake yuko wapi. Vilikuwa viwili, mwembamba na mnene, na mnene ulikuwa wa taa za kuuzia samaki usiku. Nikakumbuka rundo la Msalato, siku ile niliyonunua hiki. Wa pili ulikuwepo, hauna mpini. Niliurudisha kwenye turubai nikidhani ni msumari.